Mwaka wa mwisho chuo: risechi imekwama, keri inanisubiri, nyumbani wanahesabu siku. Naombeni ushauri

Binti_Ludewa

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni binti wa mwaka wa tatu, nasoma maendeleo ya jamii. UE, ile mitihani ya mwisho wa semista, zinaanza Julai na kabla ya hapo natakiwa niwe nimekabidhi risechi. Mada yangu ni ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, kwa nini vikundi vya akina mama vinachelewa kurejesha. Hojaji niligawa na nyingi zimerudi. Ziko kwenye begi chini ya kitanda, sijazigusa. Kila nikilivuta begi moyo unaanza kwenda mbio, nalirudisha.

Msimamizi alinirudishia sura ya pili tangu kabla ya Pasaka. Imejaa wino mwekundu na mwishoni ameandika "njoo tuzungumze". Sijaenda. Nikimwona kwenye korido ya idara napita ngazi za nyuma. Kadiri siku zinavyokwenda ndivyo aibu inavyozidi, sasa hata sijui nitaanza kumwambia nini.

Juu ya hayo nina keri, yaani somo nililofeli na natakiwa kulirudia, ya takwimu ya mwaka wa pili. GPA yangu, yaani wastani wa masomo yote, ni 3.4 na nilikuwa naililia 3.8 ili siku moja nirudi kufundisha.

Nyumbani mimi ndiye wa kwanza kufika chuo. Bodi ya mikopo haikunipa ada yote, baba akauza shamba la miti kabla haijakomaa. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, bumu (hela ya kujikimu ya bodi) likitoka namtumia kiasi. Mama akipiga simu ni lazima aulize, "Unamaliza lini mwanangu?" Siku hizi naiangalia simu inaita mpaka inakata.

Usingizi sina. Napata kulala saa tisa usiku, saa kumi na moja niko macho. Kichwa kinauma, tumbo linawaka moto, nameza dawa za maumivu naendelea. Nakunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu ili nipige msuli, halafu najikuta nimekaa saa nzima ukurasa uleule. Wenzangu chumbani nawajibu vibaya, wameanza kunikwepa. Kwaya nimeacha. Kuna wakati nawaza bora nilale tu nisiamke, mambo yaishe.

Nianzie wapi jamani?

Mlima_Mwinuko

Pole, lakini vijana wa sasa mnadeka. Sisi tulisoma kwa kibatari na tukafaulu. Acha simu, amka saa kumi usiku, soma. Hakuna dawa nyingine.

Nesi_wa_Zamu

Mkuu Mlima, huyu binti hajasema hataki kusoma. Amesema hawezi kulala. Tafadhali soma tena alichoandika.

Dada Ludewa, nakuomba tuweke risechi pembeni kwanza. Umeandika kwamba unawaza ulale usiamke. Nakuuliza waziwazi: umewahi kufikiria kujiua? Umeshawaza ungefanyaje? Wengi wanaogopa kuuliza hivi wakidhani wanamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Mtu akiulizwa kwa utulivu mara nyingi anapumua, kwa sababu hatimaye kuna anayemsikia. Kama jibu ni ndiyo, usibaki peke yako usiku huu. Mwamshe mwenzako chumbani hata kama mmenuniana, mwende hospitali iliyo karibu, mapokezi ya dharura, useme hivyohivyo ulivyoandika hapa.

Kama jibu ni hapana, bado hizo dalili si za kuzibeba kimya. Hali ya kukosa furaha, kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda na kukosa usingizi ikifika wiki mbili mfululizo na kuendelea, sisi tunaanza kufikiria sonona. Ni ugonjwa, na unatibika. Kwenye Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ulizia mnasihi. Kama chuo chenu hakina, hospitali ya rufaa ya mkoa ina huduma ya afya ya akili.

Sasa mwili. Kafeini ya kile kinywaji haiishi haraka. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu yake bado iko kwenye damu. Ukinywa saa nne usiku, hiyo saa tisa unayojigeuza kitandani nusu bado inakuchapa. Acha kabisa kuanzia mchana. Kitabu unachosoma hadi alfajiri hakikai kichwani, maana ubongo unapanga ulichojifunza wakati umelala. Usipolala umesoma bure.

Na hizo dawa za maumivu, kama ni diclofenac au ibuprofen na unameza tumbo likiwa tupu, acha leo. Zinaharibu ukuta wa tumbo. Vidonda vingi vya tumbo vinatokana na bakteria wanaoitwa Helicobacter pylori na dawa za aina hiyo, mawazo yanaongeza tu maumivu. Nenda zahanati ya chuo wakupime, usijitibu kwa kusikia.

Moyo ukianza kwenda mbio unapovuta hilo begi, keti. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika chache. Kutoa pumzi polepole kunaushusha moyo. Ndipo ufungue begi.

Nijibu lile swali la kwanza. Niko hapa.

Binti_Ludewa

Dada Nesi, nimesoma nikalia. Hapana, sijapanga kitu wala sijawaza namna. Ni uchovu tu, natamani kila kitu kisimame kidogo. Nimemwamsha mwenzangu nikamwonyesha ulichoandika. Tumeongea mpaka usiku sana. Kumbe alidhani nimemkasirikia yeye.

Nesi_wa_Zamu

Asante kwa kujibu, na asante kwa kumwamsha. Mawazo hayo yakibadilika, hata yakija mara moja tu, mwambie yeye kabla ya kutuandikia sisi. Kwa mnasihi nenda kesho, usisubiri UE ziishe.

Mwalimu_wa_Vidato_Vyote

Shikamoo nimeitikia, mwanangu. Nimefundisha chuo kikuu na kusimamia risechi kwa miaka mingi, kwa hiyo nikueleze upande ambao mwanafunzi hauoni.

Wino mwekundu mwingi maana yake msimamizi ameisoma kazi yako. Kazi inayorudi safi haina alama ndiyo ya kuogopa, maana huenda imefunguliwa ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu. Na "njoo tuzungumze" ni maneno ya mtu aliyeona kitu cha kuokoa. Angekuwa ameshakata tamaa angeandika "rudia".

Msimamizi ana wanafunzi wengi. Hakai akikuhesabia siku ulizopotea, hizo unazihesabu wewe. Kinachomtisha ni mwanafunzi anayeibuka wiki ya mwisho na kitabu kizima, kwa sababu hapo hana la kukutetea kwenye kikao cha idara. Ukienda sasa, hata mikono mitupu, bado unasaidika. Mficha uchi hazai.

Nenda hivi. Chukua ile sura ya pili yenye maoni yake, uwe nayo mkononi. Andika karatasi moja fupi: nimefika hapa, nimekwama hapa, naomba tarehe ya kuleta hiki. Samahani iwe moja tu, ya sentensi moja, usimpe historia ya kwa nini ulipotea isipokuwa akiuliza. Ila kama umeumwa sema umeumwa. Kisha umuulize, "Hojaji zilizorudi zinatosha?" Wanafunzi wengi wanajitesa kukamilisha idadi waliyoandika kwenye pendekezo la risechi, wakati msimamizi angekubali pungufu kwa maelezo ya kueleweka.

Kuhusu mada yako naomba niseme, kwa sababu nzuri kweli. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mwingine. Kama umechanganya kikundi kilichokopa kabla na kilichokopa baada, majibu yatakupinga. Watenge. Halafu haina riba, na mgawanyo wake kisheria ni asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kwa hiyo ukisema "riba kubwa" ndiyo sababu ya kuchelewa kurejesha, umeingia shimoni. Sishangai kama sehemu ya huo wino ni kwa mambo haya. Ni masahihisho ya siku mbili tatu, si ya kukukosesha shahada.

Sasa begi. Usilifungue ili "ufanye uchambuzi". Lifungue ili uandike namba tu. Chukua kalamu, kila hojaji pembeni juu kulia andika 1, 2, 3 hadi ziishe. Usisome majibu. Hiyo ni kazi ya jioni moja. Siku inayofuata mwombe huyo mwenzako akae na wewe, mmoja anasoma jibu kwa sauti, mwingine anaingiza kwenye Excel. Mkichoka mnabadilishana. Hojaji kumi kwa mkao mmoja, mnapumzika. Ile namba pembeni itakuokoa siku utakapoona jibu la ajabu kwenye jedwali na kutaka kurudi kwenye karatasi yake.

Sura ya nne iandike ukiangalia majedwali: jedwali, kisha aya inayolieleza. Sura ya tatu haihitaji kuandikwa upya, ni ile ya pendekezo, badilisha "nitakusanya" iwe "nilikusanya" na useme ukweli wa ulichofanya. Sura ya kwanza iguse mwisho.

Neno moja kwa ukali wa mzazi: watakuja watu kukwambia wanaandika risechi kwa hela. Usikubali hata kama umechoka namna gani. Siku ya utetezi swali la kwanza ni "kwa nini ulichagua sampuli hii?", na aliyelipa huwa analijibu kwa kimya. Tumewaona.

Hesabu_Kwanza

Dada, Mwalimu kamaliza kwenye risechi, mimi nikupigie hesabu ya GPA kwa sababu naona hofu nyingine unaibeba bure.

Una 3.4 kwa semista tano. Tuchukulie uzito wa semista unalingana. Ili umalize na 3.8 semista ya sita ingebidi iwe 5.8, na juu kabisa ni 5. Yaani hata ukipiga A tupu haifiki. Iachie leo. Najua inauma, na najua vyuo vinataka 3.8 kwa wanaoanza kufundisha. Lakini umekuwa unakosa usingizi kwa kitu ambacho hesabu ilishakifunga, na nguvu hiyo unaihitaji kwingine.

Ili umalize na 3.5, yaani daraja la pili la juu, semista hii inatakiwa iwe wastani wa 4.0. Hiyo ni B+ kwenye masomo yote, na B+ inaanzia 60. Ukiwa na koswek (alama za kazi na majaribio ya ndani ya semista) 26 kati ya 40, kwenye UE unatafuta 34 kati ya 60. Kaa chini, andika kila somo na koswek yake, toa, uone pengo lako halisi. Utakuta mawili matatu tu ndiyo yanatisha.

Ukiikosa hiyo 3.5, matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira yanataka shahada ya fani husika na hayataji GPA. Unaingia usaili wa kuandika kama wengine.

Keri ndiyo ya kwanza. Bila kuisafisha huhitimu hata ukiwa na A kwingine. Na hapa una bahati: keri yako ni takwimu. Wastani, asilimia, khai-skwea (kipimo cha kuona kama vitu viwili vinahusiana), ndivyo vitu vilevile unavyohitaji kwenye sura ya nne. Chukua maswali ya mitihani iliyopita, ukimaliza kuelewa swali lifanye tena kwa namba za hojaji zako. Utakuwa unasoma keri na kuandika risechi kwa mkono mmoja.

Komredi_wa_Juja

Pole sana dadangu. Huku kwetu Kenya kero ya mwaka wa nne ni alama kupotea. Mtu anafanya mtihani, anapita, halafu wakati wa orodha ya kuhitimu anaambiwa somo la mwaka wa kwanza halina alama. Sijui kama huko ni hivyo, ila ingia kwenye akaunti yako ya matokeo leo uangalie miaka yote, somo kwa somo. Kukiwa na pengo, uende idarani sasa wakati mwalimu wa somo bado yuko, usingoje wiki ya mahafali. Ni jambo dogo linalowalaza watu macho baadaye.

Mama_wa_Kibaha

Mwanangu, mimi sijasoma chuo lakini nina kijana yuko huko, kwa hiyo nakuandikia kama mama yako.

Tunapouliza "unamaliza lini" hatukudai. Hatujui tuulize nini kingine. Hatujui risechi ni kitu gani, hatujui keri. Tunajua kuanza na kumaliza, ndiyo maana tunauliza hilohilo kila siku. Kijana wangu aliponieleza kwamba kuna kitabu anaandika na mwalimu anakirudisha akisahihishe, nikaanza kuuliza, "Kitabu kimefika wapi?" na mazungumzo yakawa mengine kabisa.

Mpigie mama yako. Usimpigie usiku ukiwa umechoka, mpigie mchana baada ya kula. Mwambie, "Mama, mwezi huu na ujao ni mgumu, naumwa kichwa, silali vizuri, na kuna somo narudia." Atashtuka kidogo, kisha atakuombea na atawaambia wajomba wapunguze maswali. Kinachomuumiza sasa hivi ni simu inayoita bila kupokelewa. Hapo ndipo mzazi anawaza mabaya.

Na hela ya mdogo wako. Hiyo elfu kumi kwa siku ya bodi imewekwa kwa ajili ya chakula chako na malazi yako. Ukishinda njaa ukameza vidonge, tumbo litaacha kuwaka vipi? Mwambie baba yako ukweli kwamba hadi Julai huwezi. Kidato cha nne wa kwake atakula nyumbani kama wenzake walivyokula. Hilo la miti lisikukabe koo. Miti inapandwa tena, mtu wa Ludewa analijua hilo kuliko mimi wa Kibaha.

Binti_Ludewa

Shikamoo mama. Sina la kusema, nimeisoma mara nyingi. Nitampigia kesho mchana.

Mwanakwaya_Alto

Rudi kwaya hata kama ni siku moja kwa wiki. Kuimba na watu wasiokuuliza GPA kunasaidia. Na usiache kusali.

Mlima_Mwinuko

Binti, nimerudi kusoma uzi wote. Pole. Mimi niko karibu na vyuo kadhaa vya Dar, kama unahitaji kuchapa na kufunga kazi yako na uko huku, nitakusaidia gharama. Niandikie pembeni.

Binti_Ludewa

Wakuu, nimerudi kutoa mrejesho kama nilivyoahidi baadhi yenu huko pembeni.

Nilienda kwa msimamizi. Miguu ilikuwa inatetemeka. Alikuwa anakula karanga, akanisogezea kiti, akasema, "Nilijua umehama chuo." Basi. Tukaanza kazi. Kweli alikuwa amezungushia duara mahali nilipoandika riba, Mwalimu ulijuaje? Idadi ya hojaji amesema inatosha, ila nieleze kwa nini zingine hazikurudi. Amenipa tarehe ya sura ya nne, na ni karibu kuliko nilivyotaka.

Zahanati wamenipima, wamenipa dawa na wamenikataza zile za maumivu. Kwa mnasihi nimeanza, ni dada mtulivu, tunakutana kila Jumatano. Nilidhani ataniambia nijipe moyo. Badala yake aliniuliza siku yangu inaendaje kuanzia asubuhi, tukapanga saa ya kulala kabla ya saa ya kusoma.

Mama nilimpigia. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama nakula.

Sijapona wakuu, sitaki kuwadanganya. Usingizi unakuja siku moja, siku mbili haupo. Takwimu bado inanipiga chenga kwenye khai-skwea. Lakini begi liko juu ya meza na hojaji zote zina namba.

Mwalimu_wa_Vidato_Vyote

Hongera sana. Khai-skwea niandikie pembeni swali lenyewe, nitakupa hatua.

Kijana_wa_Uyole

Samahani kwa kudandia uzi. Na mimi nina hali hiyohiyo, ila tofauti yangu ni kwamba nahisi siwezi kabisa kuingia kwenye UE mwezi ujao. Nimelazwa hivi karibuni. Je, nikiacha tu kuingia nitapewa sapu, yaani mtihani wa marudio?

Mwalimu_wa_Vidato_Vyote

Hapana, usiache tu. Kutokuonekana kwenye mtihani bila ruhusa kunahesabiwa vibaya sana na unaweza kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Vyuo vyetu vina utaratibu wa kuahirisha mtihani kwa ugonjwa au msiba mzito. Chukua barua ya hospitali yenye tarehe ulizolazwa, peleka kwa mshauri wa wanafunzi, atakuelekeza fomu ya kuahirisha na nani aisaini. Iombe kabla ya siku ya pepa ya kwanza. Ukishaingia chumba cha mtihani, kuja kusema baadaye kwamba ulikuwa unaumwa ni vigumu kusikilizwa. Chukua nakala ya kila karatasi unayokabidhi, na aliyeipokea aandike tarehe na sahihi kwenye nakala yako.

Nesi_wa_Zamu

Na wewe Kijana, ukiwa na barua mkononi lala kwanza. Ulilazwa kwa nini, na nani yuko na wewe sasa hivi?